Ulezi Usiachiwe Bibi Peke Yake

Jumatatu, 5 Julai 1954

Habari kubwa! Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Gidioni, anaondoka mwisho wa mwezi kwenda kusomea uchungaji. Alitutangazia asubuhi, ukungu umeukalia uwanja wa shule hata bendera haionekani. Nilisikitika sana. Nilisikitika mpaka nikalazimika kuuma mdomo nisicheke. Kiti chake kitakuwa wazi! Na nyumba yake vilevile, yenye bati juu na dirisha la kioo, wakati mimi na mke wangu Aikande, mtoto wetu Anaeli na mama yangu tunapumua hewa moja na ng'ombe.

Nani mwingine wa kukaa pale kama si mimi, Elimringi, mwalimu wa darasa la nne?

Mashaka. Ndivyo alivyosema Mwalimu Gidioni. Kwamba mkaguzi wa shule, Bwana Basili, atapanda huku kutoka Moshi Alhamisi ya wiki ijayo, asikilize somo langu na somo la Mwalimu Mashaka wa darasa la tatu, kisha achague. Mashaka! Mtu wa Njoro, mjini, kaja juzi tu na baiskeli ya kusukuma. Jina lake Mashaka, na mashaka yote nayapata mimi.

La kushtusha zaidi ni somo lenyewe. Idara imeandika kwamba hadithi za sungura sasa zimetosha. Watoto wasome maandishi ya mambo ya kweli: kahawa, afya, barabara. Wakikutana na neno gumu, mwalimu asiwaambie maana. Waitafute wenyewe kwa kutazama maneno yaliyo karibu nalo.

Nimebaki mdomo wazi. Miaka yote hii mtoto akiniuliza maana ya neno nimekuwa nikimwambia aketi. Kumbe nilikuwa mbele ya Idara!

Jumanne, 6 Julai

Nimeamka sina njia ya kufundishia. Nimepata njia kabla ya kengele. Wakati mwingine najiogopa.

Nilikuwa napita mpakani mwa kihamba chetu, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, pale yalipopandwa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, nikasimama ghafla. Masale! Nikaenda mbio darasani. Nikawaambia watoto kwamba neno geni ni kama mtu aliyehamia kihamba cha jirani. Hujui tabia yake. Huwezi kumwendea usoni ukamwuliza kama yeye ni mwizi. Unawauliza majirani zake. Na majirani wa neno ni maneno yote yaliyomo ndani ya mpaka mmoja nalo. Koma ni kijia tu. Nukta ndiyo masale. Usivuke masale kabla hujamaliza kuwauliza waliomo ndani.

Nikaandika ubaoni sentensi kutoka kijitabu cha kahawa: Matawi makavu yapogolewe kwa kisu kikali ili hewa na mwanga vipite. Nikauliza kupogoa ni nini. Kisha Tabitha akanyoosha mkono. Huyu ni msichana mwembamba wa benchi la mbele ambaye mkono wake hauna nyumbani, muda wote uko juu. Akasema jirani wa kwanza ni matawi makavu, jirani wa pili ni kisu, jirani wa tatu anataka hewa ipite. Basi kupogoa ni kuyakata matawi ili kuupunguza mti.

Nikatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejua tangu utotoni. Sikujua! Nilidhani kupogoa ni kupiga dawa. Bwana shamba alipotuambia tupogoe, niliimwagia kahawa ya marehemu baba mrututu mpaka migomba ya jirani ikageuka bluu. Na hakuna aliyenisahihisha. Watu wa hapa wana roho mbaya.

Alhamisi, 8 Julai

Leo nimefunga kamba za viatu chini ya dirisha la darasa la tatu kwa muda wa kutosha. Watoto wa Mashaka walikuwa wakisoma habari za reli. Wanasoma kama maji ya mfongo yanavyoshuka mferejini! Hakuna kukwama. Mtoto mmoja mdogo kabisa alieleza behewa ni nini, na sina hakika kama amewahi kufika stesheni.

Mashaka akatokea dirishani. Akanisalimu. Akaniuliza kwa upole kama kuna neno lolote la Kiswahili linalonisumbua, maana anajua sisi wa mlimani Kiswahili tumekikuta shuleni, na yeye yuko tayari kunisaidia.

Jamani! Kunisaidia! Nikamwambia maji anayokunywa kwao Njoro yanatoka mlima huu, na yanapita kwetu kwanza. Akasema ni kweli kabisa, na akatushukuru. Mtu huyu hatukaniki. Ndivyo walivyo watu wa mjini.

Nimechukua hatua. Shule ina kamusi moja tu, inakaa kabatini kwa ajili ya walimu wote. Bila kamusi Mashaka atazama. Nimeitoa chini ya koti, nimeifikisha nyumbani, nimeifukia ndani ya tita la majani makavu ya mgomba karibu na zizi. Shetani mwenyewe hataiona.

Baadaye. Nimekumbuka kwamba sijawahi kumwona Mashaka akifungua kamusi. Kiswahili anaongea na mama yake. Anayeifungua ni mimi. Hata hivyo, imehifadhiwa mahali pakavu.

Ijumaa, 9 Julai

Bahati imebisha hodi yenyewe!

Aikande amerudi kutoka kliniki ya watoto, Anaeli mgongoni, na karatasi ya Idara ya Afya mkononi. Akaiweka kando ya sahani yangu ya kiburu cha ndizi. Akaniambia: Baba Anaeli, soma. Soma yote, lakini soma vizuri zaidi mstari wa tatu na wa nne. Kisha akasimama pale pale akinitazama, jambo ambalo si kawaida yake.

Nikasoma. Ninainakili hapa maana ni maneno ya thamani:

Ulezi wa Mtoto. Ulezi ni kazi ya baba na mama. Ulezi mwema huanza mapema, mtoto akiwa bado tumboni. Ulezi usiachiwe bibi peke yake. Baba asione haya kushiriki ulezi mbele za watu. Mtoto aliyekosa ulezi hudhoofika, hulialia ovyo, na hachangamki.

Sikuamini macho yangu. Serikali ya Kiingereza inausifu ulezi! Ule ule wetu, nafaka tunayopikia uji na kutengenezea mbege, pombe yetu ya ndizi! Miaka yote tunaambiwa mbege ni adui wa maendeleo, kumbe huko ofisini wamekaa, wamepima, wamegundua. Na wameandika kwa ujasiri. Baba asione haya kushiriki ulezi mbele za watu! Mimi ninayenyemelea kwa Meku Eliona, mzee muuza mbege, kupitia nyuma ya migomba kama mwizi wa kuku!

Na huo mstari wa tatu. Ulezi usiachiwe bibi peke yake. Nikamtazama mama yangu pale pembeni, na kibuyu chake. Wamemjuaje?

Hili ndilo somo langu la Alhamisi. Maandishi ya kweli, jambo ambalo kila mtoto analijua. Nikamwambia Aikande nimeelewa kila neno na kuanzia kesho ataona mabadiliko. Akatabasamu. Sijaona tabasamu hilo tangu harusi.

Jumamosi, 10 Julai

Nimetii karatasi kuanzia mstari wa kwanza. Ulezi ni kazi ya baba na mama: basi nimekwenda sokoni mwenyewe, nimenunua debe zima la ulezi, nimelibeba begani mwenyewe, mimi, mwalimu, mwanamume, mbele ya wanawake wote wa soko! Walishika vinywa. Niliwaambia mambo yamebadilika.

Nikalitua miguuni mwa Aikande. Akalitazama debe. Akanitazama mimi. Akaniuliza kama nimesoma ile karatasi. Nikasema neno kwa neno. Akauliza, na mstari wa baba asione haya? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, huo nautimiza sasa hivi. Nikaoga, nikavaa koti la Jumapili, nikapita njia kuu mchana kweupe mpaka kwa Meku Eliona, nikaketi mbele kabisa barazani, na kibuyu mkononi, bila haya.

Meku Eliona alistaajabu hata akasahau kunijibu shikamoo yangu. Nilipomsomea karatasi akatoa machozi. Akasema amengoja neno hili kutoka kwa Serikali tangu enzi za Wadachi.

Niliporudi Aikande alikuwa anapika kwa mkono mmoja, Anaeli analia kwenye mkono wa pili, mama kasinzia. Nikampa pole. Hakusema neno. Furaha nyingine haina maneno.

Jumapili, 11 Julai

Mzee wa kanisa alinishika mkono mlangoni kabla sijaingia. Ameambiwa nilikunywa mbege jana barabarani. Nikamsahihisha: si barabarani, barazani, na si kwa hiari yangu, ni kwa agizo. Hakuwa na miwani, kwa hiyo nikamsomea karatasi. Nilipofika penye mtoto akiwa bado tumboni alikaa kwenye ngazi. Akasema Serikali itajibu mbele ya Mungu. Nikakubaliana naye, ili nisichelewe wimbo.

Jumatatu, 12 Julai

Mazoezi ya somo. Nimeshtuka.

Nilibandika karatasi ubaoni. Nikauliza ulezi ni nini. Darasa zima, kwa sauti moja: nafaka! Safi. Rogath, mvulana mkubwa kuliko wote, akaongeza kwamba bila ulezi ndizi haziwi mbege. Safi tena. Nikajiona nimekaa nyuma ya dirisha la kioo, nakunywa chai.

Tabitha akanyoosha mkono. Akasema majirani hawakubali.

Nikamwuliza majirani gani. Akasema wote. Jirani kazi anasema ulezi unafanywa, lakini nafaka hulimwa na kusagwa. Jirani mwema anasema ni jambo la tabia, kwa sababu hatusemi mahindi mema wala maharage mema. Jirani usiachiwe ndiye anayemtia shaka zaidi, maana anayeachiwa kitu cha kufanya ni mtu wa zamu. Basi yeye anaona ulezi hapa ni kulea mtoto.

Nikamwambia kulea mtoto ni malezi, kila mtu anajua. Akasema labda malezi na ulezi ni ndugu. Nikamwambia aketi.

Ndugu! Mtoto wa benchi la mbele ananipinga kwa kutumia majirani wangu mwenyewe! Mimi ndiye niliyepanda hayo masale!

Nimewapa kazi ya nyumbani: kila mmoja amwulize baba yake kama anashiriki ulezi bila haya. Hapo tutaona nani anajua.

Jumatano, 14 Julai

Ushindi. Baba wote wamejibu kwamba wanashiriki. Wengine wamesema tangu ujana wao. Baba yake Rogath ameomba nakala ya karatasi aibandike mlangoni.

Mama zao wamejibu mengine, lakini sikuwatuma watoto kwa mama zao.

Nimepata wazo la mwisho, la kumaliza kabisa habari za Mashaka. Mkaguzi anapenda vitu vya kuonyeshwa. Nimewaagiza watoto kesho kila mmoja aje na ulezi, kama unavyotumika nyumbani kwao. Nitaupanga mezani.

Jioni Aikande aliniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama kweli nimeielewa ile karatasi. Nikamwambia kesho mkaguzi mwenyewe atanithibitishia, na mwezi ujao yeye Aikande atakuwa anapangusa dirisha la kioo. Akasema yeye hataki kioo. Anataka kupumzika. Nikamwambia atapumzika akishakipangusa.

Alhamisi, 15 Julai

Sijui nianzie wapi. Nimepigwa na butwaa saa zote.

Bwana Basili alifika kwa pikipiki, kajaa matope mpaka kwenye tai. Akaanza na Mashaka. Akatoka huko anatabasamu. Sikujali. Meza yangu ilikuwa imejaa: ulezi mbichi, ulezi uliooteshwa, unga wa ulezi, na katikati kibuyu kikubwa cha mbege alichokileta Rogath, salamu za Meku Eliona kwa Serikali. Aliyekosekana ni Tabitha tu. Nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Bwana Basili akaenda moja kwa moja ubaoni, akasoma karatasi, uso ukamng'aa. Akasema hakutegemea kukuta mwalimu wa kiume amechagua somo kama hili. Akasema hata swali alilokuja kuniuliza ni hilo hilo. Kazi ya kwanza ya mwalimu mkuu ni ulezi. Je, mimi nikipewa shule hii, nitaufanyaje?

Moyo uliruka! Swali ninalolijua! Nikamweleza yote. Nyuma ya choo kuna nusu eka iliyolala bure. Mvua zikianza tutapanda. Tutavuna, tutaloweka, tutaotesha, tutaanika, tutasaga. Na kila mwisho wa muhula wazazi wataitwa, tuunywe pamoja mbele za watu, bila haya, kama ilivyoandikwa.

Kalamu ya Bwana Basili ilisimama hewani. Ndipo akaiona meza. Akasogea. Akanusa. Rogath akasimama akamtamkia salamu za Meku Eliona kwa kirefu.

Mlango ukagongwa. Tabitha! Kachelewa, anahema, na mgongoni kafunga mdogo wake wa kiume, kamasi zinamtoka. Nilitaka ardhi ipasuke. Bwana Basili akamwuliza kwa nini amekuja shuleni na mtoto. Akajibu kwamba Mwalimu aliagiza kila mmoja aje na ulezi kama unavyotumika nyumbani kwao. Kwao ulezi ni huyu. Anaufanya yeye tangu mama yake aanze kwenda kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu, na leo amechelewa kwa sababu alikuwa anamnywesha uji kwanza.

Watoto wote wakamtazama yeye, kisha wakaitazama meza yangu.

Bwana Basili akamwuliza alijuaje kwamba neno lile lina maana hiyo. Tabitha akaanza: kazi, mwema, usiachiwe, jirani kwa jirani, nukta kwa nukta, mpaka akafika kwenye masale ya mwisho. Bwana Basili akavua miwani akaifuta. Akamwuliza nani amemfundisha kuwauliza majirani. Tabitha akasema ni Mwalimu Elimringi.

Alinigeukia akanitazama kama mtu aliyesikia kuku akibweka.

Nilikuwa bado na nafasi! Nikasema, kwa heshima zote, kwamba mtoto huyu ana akili lakini kosa ni la mpiga chapa. Alitaka kuandika malezi. Ulezi ni nafaka, Bwana Mkaguzi, uko mezani. Hapo Mashaka, ambaye hakuna aliyemwita, akakohoa mlangoni. Akasema kwa upole kwamba kamusi inaweza kutumalizia ubishi. Wote wakatazama kabatini. Kamusi haimo. Nikasema nitaileta, kwa kuwa nilikuwa nimeihifadhi mahali pakavu.

Nilikimbia. Nikachambua tita la majani. Lo! Ng'ombe ameivuta katikati ya vijiti vya zizi akaila! Si yote. Kaanza na mwisho. Kamusi ya shule sasa inaishia kwenye neno tumbo.

Bwana Basili aliipokea kwa vidole viwili. Akafungua L, akasoma kwa sauti: lea, mlezi, malezi, ulezi. Ndugu, kama alivyosema Tabitha. Mashaka alitazama sakafu, jambo lililoniudhi kuliko kama angecheka. Nikawaambia ukweli: L haina uzito hapo. Neno linaanza na U. Kama si ng'ombe kuila U, haki yangu ingeonekana mbele ya wote.

Amempa Mashaka. Papo hapo. Na njia ya majirani na masale ameipenda mno, itapelekwa shule zote za tarafa. Watakaokwenda kuionyesha ni Mashaka na Tabitha. Mimi nimepewa kazi ya kunakili kwa mkono kurasa zote zilizoliwa, kutoka kamusi ya shule nyingine.

Kibuyu hakikuonekana tena baada ya ukaguzi. Sisemi kitu.

Jumamosi, 17 Julai

Mashaka amepanda mlima kwa miguu kuniletea kamusi ya kuazima, kwa sababu baiskeli imepata pancha. Akanipa pole. Akasema darasa lenye mtoto kama Tabitha ni heshima kuliko kiti. Hatukaniki kabisa.

Nimefungua U. Na ipo! Ipo! Ulezi: nafaka yenye punje ndogo. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe akasimama. Juu yake palikuwa na ulezi mwingine, wa kwanza, unaosema habari za kutunza watoto, lakini mwenye kamusi naye ni binadamu. Nimenakili ulio sahihi.

Mama ameniwekea jani la masale mkononi, kalifunga fundo. Kaniambia nimpelekee Aikande. Kila mtu hapa anajua jani hilo ni la kuombea msamaha. Nimetulia nikawauliza majirani: mama, Aikande, jani, mimi. Maana yake wazi. Aikande ananiomba msamaha kupitia kwa mama, kwa jinsi alivyoninunia wiki nzima. Nimemsamehe. Jani nimelichomeka ukutani.

Jumapili, 18 Julai

Nimeguswa. Sikutegemea.

Tulipotoka kanisani, watu wote bado wamesimama uwanjani, mzee wa kanisa, Meku Eliona, wazazi wa darasa la nne, hata Tabitha na mdogo wake mgongoni, Aikande alinijia. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba dada yake wa Sanya Juu amejifungua, na yeye anakwenda kumsaidia mpaka Jumatano. Mama yangu anakwenda naye. Kisha akaniwekea Anaeli mikononi, akasema: Baba Anaeli, nakuachia ulezi. Wote.

Wanawake walipiga vigelegele! Kwa ajili yangu! Tabitha alianza kufungua mdomo, nikamwambia aketi, ingawa alikuwa amesimama uwanjani. Sikuwahi kujua kwamba mke wangu ana moyo mkubwa namna hii. Baada ya aibu yote ile, mbele za watu wote, ananiachia debe zima.

Nimefika nyumbani nikakagua. Kweli, limejaa vilevile. Hakuchukua hata konzi moja ya kumpelekea dada yake.

Ni alasiri sasa. Anaeli analia. Amelia tangu kanisani. Nimempigia mluzi. Nimemwonyesha ng'ombe. Nimemsomea kamusi, herufi U yote. Analia tu, na amelowa, sijui ni machozi gani hayo. Mwishowe nikaikumbuka karatasi. Mtoto aliyekosa ulezi hulialia ovyo. Jibu lilikuwepo muda wote!

Nimemsogezea debe lote karibu yake.

Bado analia. Nashangaa.